Kwenda Katangi Msimu wa COP

Nilichagua kwenda Katangi, huko Yatta, mwezi wa Novemba kwa sababu ya hoja zaidi kuliko matembezi. Ukambani, mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi ya zile za masika. Zinaanza mwishoni mwa Oktoba, na zikifika Desemba mwaka wa mkulima umeshaamuliwa. Ni Novemba hiyo hiyo ambapo, kwa miaka mingi sasa, Umoja wa Mataifa huitisha mkutano wake wa mabadiliko ya tabianchi, ule unaojulikana kila mahali kama COP. Mbegu zikiwa ardhini Yatta, wajumbe huwa Sharm el-Sheikh, Dubai, Baku au Belém. Kuitazama mikutano hiyo kutoka upande huu kunatulazimisha kujibu swali ambalo wengi wamelichoka kabla ya kulijibu: mbona imani ya watu kwa mazungumzo ya tabianchi imeshuka kiasi hiki, na je, waliokata tamaa wamekosea? Jibu langu ni kwamba hawakukosea, ila lawama yao imepita shabaha. Wanaulaumu mkutano, ilhali ubovu uko katika kanuni mbili: ile inayomruhusu muuza mafuta kuketi miongoni mwa wanaojadili mafuta, na ile inayoipa nchi moja uwezo wa kuzuia neno la nchi zote. Kanuni hubadilika.

Safari inaanzia Nairobi, na mji huo haufai kupitwa kimya, maana umewahi kuwa mwenyeji wa mazungumzo haya. Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, yako Gigiri. COP ya kumi na mbili ilifanyika Nairobi Novemba 2006. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana KICC na kutoa Azimio la Nairobi, lililodai, pamoja na mengine, kodi ya kaboni ya kimataifa itakayogusa biashara ya mafuta, meli na ndege. Hata kabla ya mkutano huo kufunguliwa, mashirika ya kiraia zaidi ya 500 yalikuwa yameandika barua kulalamika kwamba ajenda yake imeshikwa na kampuni ya ushauri ya McKinsey na maslahi ya nchi tajiri. Miezi miwili baadaye ikawa zamu ya mazungumzo ya mkataba wa kimataifa wa plastiki, bidhaa inayotengenezwa kwa mafuta na gesi: shirika la wanasheria wa mazingira, CIEL, lilihesabu washawishi 143 wa sekta ya mafuta na kemikali waliojiandikisha Gigiri. Kenya ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na mwaka 2020 gazeti la New York Times likafichua kwamba chama cha kampuni za kemikali za Marekani kilikuwa kikiitaka serikali yao itumie mazungumzo ya biashara kuishawishi Kenya ilegeze msimamo. Mkataba wenyewe ulipaswa kukamilika mwisho wa 2024. Ulikwama Busan mwaka huo, ukakwama tena Geneva Agosti 2025, na kikwazo kikubwa kilikuwa kile kile: nchi zinazozalisha mafuta zilikataa ukomo wa kiasi cha plastiki kinachotengenezwa.

Ukishapita Thika, mashamba ya mananasi yanaisha na barabara ya Garissa inateremka kuelekea nchi kavu, mlima Kilimambogo ukibaki mkono wa kulia. Kila kinachopita hapa kinaendeshwa na mafuta: malori ya mchanga, matatu, bodaboda, na matangi yanayopeleka petroli yenyewe kaskazini-mashariki. Mtu anayesafiri kwenda kukosoa wenye mafuta kwa gari la dizeli hana budi kukiri anachokitumia, lakini akifuatilia dizeli hiyo ilikotoka atakuta ushahidi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisimama mwaka 2013, na tangu hapo Kenya huagiza mafuta yakiwa yamekwisha kusafishwa. Kuanzia Aprili 2023, dola zilipoadimika, serikali ilianza kuyachukua kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai. Mwishoni mwa mwaka huo huo COP28 ikafanyika Dubai, na rais wake alikuwa Sultan Al Jaber, mkuu wa ADNOC. Siku chache kabla ya ufunguzi, BBC ilichapisha nyaraka zilizoonyesha kwamba vikao vya maandalizi na serikali mbalimbali vilipangiwa pia hoja za biashara za kampuni yake. Mwenyewe alikanusha kuzitumia. Hoja hapa haihusu kama mkopo ulinunua ulimi wa Kenya. Inahusu jambo lililo wazi zaidi: muuzaji, mkopeshaji na mwenyekiti walitoka nyumba moja, na hakuna kanuni ya mkutano iliyozuia jambo hilo.

Matuu ina kijani chake kwa hisani ya mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa kazi ya shuruti ya wafungwa wa enzi ya Mau Mau, ukichukua maji ya mto Thika. Kwenda Katangi ni kuuacha mfereji huo na kuingia nchi inayoishi kwa mvua. Njia inaiacha barabara kuu na kushika kusini-mashariki, katika nchi ya uwanda wa Yatta, ambao wanajiolojia huuhesabu miongoni mwa mitiririko mirefu kabisa ya lava duniani, karibu kilomita 300. Katangi ni mji wa soko. Mazao yake ni ya watu wanaoijua mvua yao: ndengu, mbaazi, kunde, mtama, na mahindi ya Katumani, aina inayokomaa upesi iliyopewa jina la kituo cha utafiti kilichoko Machakos. Mitungi ya maji inabebwa na punda, na paa la mabati lenye mfereji wa kuteremsha maji kwenye tangi ni mali kama shamba lilivyo mali. Mtu asiyejua kitu kuhusu tabianchi, akivitazama vitu hivi tu, angeelewa kwamba kila uamuzi wa hapa umefanywa na watu waliozoea kukosa.

Hapa ndipo inapoibuka hoja ya kwanza ya wanaoidharau COP, na ni hoja yenye heshima zake: wenyeji wanajua kujisaidia, basi wana haja gani na wazungumzaji wa Baku? Ni kweli wanajua. Baada ya ukame wa 2009, Askofu Titus Masika alianzisha Yatta harakati za kuachana na chakula cha msaada, ambacho wenyeji hukiita mwolyo. Kila kaya ilihimizwa kuchimba kidimbwi chake cha kukinga maji ya mvua, na watu walichimba kwa majembe, nyumba kwa nyumba. Ukambani pote kuna mabwawa ya mchanga yanayohifadhi maji chini ya mito ya msimu. Lakini kujisaidia kuna mpaka, na mpaka huo umepimwa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika mashariki ya Kenya, kusini mwa Ethiopia na kusini mwa Somalia. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria Aprili 2023 kwamba ongezeko la joto linalotokana na shughuli za binadamu liliufanya ukame ule uwezekane angalau mara 100 zaidi. Maelezo yao yanamhusu mchimba kidimbwi moja kwa moja: kwa mvua ile ile chache, dunia isiyo na joto la ziada isingefikia ukame wa kiwango hicho, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara ilikuwa maji yaliyonyonywa na hewa kutoka ardhini na kwenye mimea. Kidimbwi hukinga mvua, lakini hakina uwezo juu ya joto. Kwa hiyo kazi ya Yatta inaonyesha mahali hasa ambapo kazi ya COP inapaswa kuanzia, yaani kwenye chanzo cha joto.

Je, COP imeanzia hapo? Kumbukumbu zake zinajibu. Mkataba wa tabianchi ulitiwa saini Rio mwaka 1992, na mkutano wa kwanza ukafanyika Berlin mwaka 1995. Sayansi ya chanzo haikuwa siri: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Science Januari 2023 ulionyesha kwamba wanasayansi wa Exxon wenyewe walikuwa wamekadiria ongezeko la joto kwa usahihi mkubwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo Mkataba wa Paris wa 2015, unaosifiwa kuliko yote, hautaji mafuta, wala gesi, wala makaa ya mawe. Makaa yalitajwa katika uamuzi wa mwisho kwa mara ya kwanza Glasgow mwaka 2021. Ilibidi dunia isubiri hadi Dubai, Desemba 2023, kusoma kwamba nchi zitaondoka kwenye nishati za kisukuku kwa ujumla, na hata wiki hiyo katibu mkuu wa OPEC, Haitham Al Ghais, aliwaandikia wanachama wake kuwahimiza wakatae maneno yoyote yanayolenga mafuta yenyewe badala ya moshi wake. Belém, Novemba 2025, nchi zaidi ya 80 zilitaka ramani ya namna ya kutekeleza ahadi ya Dubai. Uamuzi wa mwisho ukatoka bila hata kuzitaja nishati hizo. Mkulima anaweza kusamehe mkutano ulioshindwa, kwa kuwa amezoea misimu inayoshindwa. Lililovunja imani ni mkutano uliotumia miaka 28 kukubali kuondoka kwenye kitu kinachoufanya ukutane.

Sababu ya kuchelewa huko iko katika kanuni. Kuanzia Berlin, kifungu kinachohusu kupiga kura hakijawahi kupitishwa, kwa sababu nchi za mafuta zikiongozwa na Saudi Arabia zilikipinga. Mkutano unaendeshwa kwa maafikiano ya wote, na maafikiano ya wote ni turufu ya asiyetaka. Waswahili husema kesi ya nyani hakimu ngedere, na watu wengi wangeitumia methali hiyo kwa COP, lakini inaisifu kupita kiasi: ngedere akiwa hakimu angalau hukumu hutoka. Hapa hakuna hakimu. Kuna mshtakiwa mwenye haki ya kuahirisha kikao milele.

Turufu hiyo inasaidiwa na wingi wa watu ukumbini. Mashirika yanayochunguza orodha za washiriki, chini ya muungano wa Kick Big Polluters Out, yalihesabu washawishi 503 wa nishati za kisukuku Glasgow, 636 Sharm el-Sheikh, 2,456 Dubai, 1,773 Baku na takriban 1,600 Belém. Dubai walizidi wajumbe wa nchi kumi zilizo hatarini zaidi kwa tabianchi zikijumlishwa pamoja, ambao walikuwa 1,509. Wanaozipinga takwimu hizi wana hoja mbili za kusikilizwa. Kwanza, kuruka kwa idadi mwaka 2023 kulichangiwa na sharti jipya la kila mshiriki kutaja anakotoka. Huenda wengi walikuwapo zamani bila kuonekana. Pili, hesabu inamjumuisha mtu wa kampuni yenye mafuta na umeme wa jua pamoja, ambaye pengine alikuja kuuza umeme wa jua. Nakubali zote mbili, na hazibadilishi hitimisho. Hoja ya kwanza inasema tu kwamba tatizo ni la zamani kuliko tulivyodhani. Ya pili ingekuwa na uzito kama watu hao wangekaa kwenye mabanda ya maonyesho. Lakini Ufaransa iliwapeleka Dubai watu wa TotalEnergies katika ujumbe wake, Italia watu wa ENI, na Umoja wa Ulaya watu wa BP na ExxonMobil. Beji ya serikali hufungua milango ambayo beji ya mtazamaji haiifungui.

Kuna wanaosema kwamba wenye mafuta lazima wawepo kwa sababu wao ndio wenye mitambo, fedha na ujuzi. Jibu limo katika mkataba mwingine wa Umoja wa Mataifa. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, una kifungu cha 5.3 kinachozitaka serikali kulinda sera zao za afya dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku. Kampuni za sigara hazikufungwa milango ya viwanda vyao, wala hazikunyimwa haki ya kulalamika mahakamani. Zilinyimwa kalamu ya kuandika sheria inayozihusu. Kenya ilitunga sheria yake ya tumbaku mwaka 2007. Mwenye mitambo ataitwa wakati wa kujenga. Kuamua kama kitu chake kiendelee kuuzwa si kazi yake.

Pingamizi gumu zaidi linatoka nyumbani. Afrika hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia. Kenya iligundua mafuta Turkana mwaka 2012, Uganda na Tanzania zinajenga bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, na tunaambiwa tuache visima vyetu ilhali Marekani ndiyo mzalishaji mkubwa wa mafuta kuliko wote. Hasira hiyo ni halali, na ndiyo sababu nadhani inapaswa kuelekezwa mahali pake. Katika bomba la Hoima, TotalEnergies ina asilimia 62, na mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja. Kanuni ya mgongano wa maslahi haiinyang'anyi Uganda kiti chake. Inamtoa mwenye asilimia 62 nyuma ya kiti hicho. Uganda ikibaki peke yake inaweza kusema waziwazi: tutaacha kuchimba kwa bei hii, kwa muda huu, mkitulipa hiki. Hayo ni mazungumzo. Mwenye kampuni hawezi kuyafanya, kwa sababu yeye hana bei ya kuacha. Na malipo yenyewe yanaonyesha nani amenyamazishwa: Baku zilitolewa ahadi za dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 kwa nchi zote zinazoendelea, zilizoomba trilioni 1.3, ilhali Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba ruzuku za wazi za nishati za kisukuku mwaka 2022 zilikuwa dola trilioni 1.3.

Nilirudi kwa njia ya Machakos, na vilima vya Machakos ni jibu kwa wale waliofika mwisho wa kukata tamaa, wanaosema mikutano yote ifutwe. Miaka ya 1930 wakoloni waliandika kwamba nchi hii imekufa kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kinyume: idadi ya watu ilikuwa imeongezeka takriban mara tano, na ardhi ikawa na hali nzuri kuliko awali, kwa sababu ya matuta ya fanya juu yaliyochimbwa na wenye mashamba, hasa akina mama wa vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya. Kilichobadilika hakikuwa mvua. Matuta yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni yalisusiwa. Yale yaliyochimbwa wenyeji walipokuwa na usemi juu ya shamba na mazao yao yamedumu. COP nayo haijawa bure. UNEP inakadiria kwamba sera za wakati wa Mkataba wa Paris zilikuwa zikiipeleka dunia karibu na nyuzi 4 za ongezeko la joto, na sasa sera zilizopo zinaelekea nyuzi 2.8. Tofauti hiyo ni kubwa kwa shamba la Katangi, ingawa 2.8 bado ni balaa. Zaidi ya hayo, nchi ndogo haina meza nyingine ambapo Saudi Arabia hulazimika kuketi nayo kuhusu tabianchi. Novemba 2024, watu walioijenga meza hiyo, akiwemo Ban Ki-moon na Christiana Figueres, walitia saini barua ya wazi wakisema COP haifai tena kwa kazi iliyopewa. Hawakuomba ivunjwe, waliomba irekebishwe, na masharti ya kumchuja mwenyeji yawe miongoni mwa marekebisho.

Marekebisho yenyewe yamekwisha kuandikwa. Mkataba wa Montreal unaolinda tabaka la ozoni unaruhusu masharti ya kemikali yakazwe kwa theluthi mbili ya kura pale maafikiano yanaposhindikana, na tabaka hilo linapona. Mwaka 2011 Mexico na Papua New Guinea zilipendekeza mkataba wa tabianchi urekebishwe ili robo tatu ya kura itoshe pale maafikiano yanaposhindikana. Pendekezo hilo halijapitishwa hadi leo. Mwaka mmoja kabla, huko Cancún, rais wa COP Patricia Espinosa alipitisha uamuzi licha ya Bolivia kupinga, akisema maafikiano hayampi mmoja turufu. Na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi inayoshindwa kulinda tabianchi, ikiwemo kwa kutoa leseni na ruzuku za nishati za kisukuku, inaweza kuwa imekosea kisheria. Zana zipo, kinachokosekana ni nchi za kuzishika.

COP ya 2027 imepangwa kufanyika Addis Ababa. Itakuwa mara ya kwanza kuja Afrika Mashariki tangu ile ya Nairobi, na Kenya itakwenda huko ikiwa jirani na ikiwa mwenyeji wa UNEP. Kuna mambo matatu ambayo Wakenya wanaweza kuyadai tangu sasa bila kungoja ruhusa ya mtu: orodha ya ujumbe wa Kenya ichapishwe ikiwa na mwajiri wa kila aliyemo, beji ya Kenya isipewe mtu wa kampuni ya mafuta, na serikali iunge mkono pendekezo la Mexico na Papua New Guinea kwa jina. Mawili ya kwanza yanahitaji waraka wa wizara tu. La tatu linahitaji ujasiri mbele ya wale wanaotukopesha dizeli, na hapo ndipo itakapojulikana kama Nairobi inazungumza kwa ajili ya Katangi au kwa ajili ya muuzaji wake.